Ubao Wenye Kiuno

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya Ijumaa ambayo hainitoki akilini, na kila nikiikumbuka nacheka kwanza kabla sijaona haya. Nilikuwa nimesimama juu ya kilima cha mchanga mwekundu nje ya mji wa Riyadh, baridi ikinipenya ndani ya koti la kuazima, nikimtazama daktari wa meno akiteremka kilima kile moja kwa moja kama gunia lililosukumwa kutoka kwenye lori. Alikuwa amesimama juu ya ubao nilioutengeneza kwa mikono yangu. Ubao ule ulitakiwa kupinda kushoto na kulia. Haukupinda hata kidogo.

Kaa, nikueleze tulifikaje pale.

Mimi ni mtu wa Taita. Nilimaliza kidato cha nne nikaingia chuo cha ufundi kusomea useremala, na mwalimu wetu wa useremala alikuwa na mtindo wake. Ukimpelekea ubao ulioupiga randa, aliuegemeza dirishani, akaweka rula ya chuma juu ya ukingo, akafumba jicho moja. Akiona mwanga unapenya chini ya rula, anakurudishia bila kusema neno. Usipopenya, anauweka mezani, napo pia bila neno. Nikawa mtu wa kunyoosha. Hata kitanda changu bwenini nilikuwa nakisogeza mpaka kilingane na mistari ya sakafu, na wenzangu wakanitania kwamba nitaoa mwanamke kwa kumpima na pima-maji.

Kwa ufundi huo nikapata nafasi Jeddah, katika karakana moja ya mtaa wa Hindawiyah. Wakenya wengi niliowajua kule walikuwa madereva na walinzi. Mimi na randa yangu tulikuwa kichekesho chao siku za mapumziko. Mkubwa wa karakana alikuwa Mzee Haji, Mzanzibari aliyekaa Jeddah miaka mingi hata wauza mboga wa mtaani walidhani amezaliwa pale. Yeye ndiye aliyenifundisha kula samaki bila kujichoma miiba, na kunyamaza mpishi anapokuwa yeye. Akifurahi aliniita mwanangu. Akiudhika aliniita bwana mkubwa.

Mwenye karakana, ambaye ndiye alikuwa kafili wetu, yaani mdhamini wa kazi na ukaazi wetu, alikuwa Abu Turki, mtu mnene mwenye moyo mzuri na subira fupi. Miaka hiyo watu walikuwa wameanza kununua vitanda na makabati yaliyokwisha kutengenezwa, na sisi tukawa tunakaa siku nzima tukifagia mahali palipokwisha fagiliwa. Jirani yetu muuza matairi alikuwa anaitaka nafasi ile. Siku moja Abu Turki akaingia, akatazama huku na huku, akasema, "Nipeni kazi moja ambayo mtu hawezi kuipata dukani. Mkikosa, halas, nafunga."

Mimi ningepata pa kwenda, nilikuwa kijana. Lakini Mzee Haji, kwa umri ule, nani mwingine angemchukua? Karakana ikifungwa na ukaazi wake unakwisha, na yeye hakuwa na nyumba nyingine duniani zaidi ya chumba kile kilichonuka gundi.

Kazi ikaja, tena kutoka ndani ya ukoo wa Abu Turki mwenyewe. Mpwa wake, daktari Nawaf, alikuwa amesomea meno Austria, nchi ya milima na theluji, na huko alijifunza kuteleza kwa ubao. Si zile skii mbili, kila mguu na ubao wake mwembamba. Ni ubao mmoja mpana unaousimamia kwa ubavu, miguu yote miwili imefungwa juu yake. Amerudi Riyadh, theluji hakuna, lakini milima ya mchanga ipo. Akataka tumtengenezee ubao wa mchangani kwa kufuata ule aliorudi nao. Ukifaulu, alisema, rafiki zake nao watataka, na rafiki zake walikuwa wengi.

Mzee Haji alifanya kazi ile kama mtu aliyerudishiwa ujana. Alibandika tabaka za plaiwudi nyembamba kwa gundi, akaukunja mdomo wa ubao kwa kuukandamiza na mifuko ya saruji, chini yake akabandika formaika, lile gamba gumu la juu ya meza, ili uteleze kwenye mchanga. Kisha akalaza ubao wa daktari juu yake na kuuzungushia penseli. Kazi iliyobaki ilikuwa kukata na kusafisha. Alikuwa anakwenda Makka kufanya umra, akaniachia mimi.

"Wewe fuata mstari tu," akaniambia. "Nikirudi tunapakia."

Nikauangalia mstari. Mwanangu, ulikuwa mbovu. Ulianza vizuri pale kwenye mdomo, halafu ukaingia ndani, ndani, mpaka katikati ya ubao, kisha ukatoka tena kuelekea mkiani. Upande wa pili vilevile. Ubao ulikuwa na kiuno kama cha mwanamke. Nikaugeukia ule wa daktari uliokuwa umeegemea ukuta, nao ni hivyo hivyo, nikapata jibu langu haraka: umeliwa. Kama kizingiti kinavyoliwa na miguu ya watu, theluji ya Austria imeula ubavuni, na Mzee Haji amechora uchakavu akidhani ni umbo.

Na kwa nini Mzee Haji hakuliona jambo hilo? Kwa sababu macho yake yamechoka. Nilikuwa na ushahidi. Alikuwa anashika futi kamba mbali na uso, na wiki ile ile alitia chumvi kwenye chai akainywa mpaka mwisho bila kusema kitu.

Ningeweza kumuuliza. Alikuwa bado amesimama mlangoni akifunga mkoba wake. Lakini kwetu mtu mzima haambiwi kwamba macho yake yamekwisha. Nikaona heshima ni kunyamaza, na upendo ni kumrekebishia kimya kimya ili daktari asije akamcheka. Alipoondoka nikaweka rula ndefu kutoka pembe ya mdomo hadi pembe ya mkia, nikachora mstari ulionyooka, nikakata. Nikapiga randa. Nikauegemeza dirishani nikafumba jicho moja, na mwanga haukupenya. Nikapiga msasa mpaka penseli ya Mzee ikafutika, nikapaka vanishi, nikaufunga ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Nakwambia kweli, nililala usiku ule nikijisikia mtu mwema.

Mzee Haji akarudi kichwa kimenyolewa, anang'aa, amejaa habari za Makka. Gari lilikuwa linangoja. Akaligonga blanketi kwa vidole akaniuliza kama nilifuata mstari. Nikamjibu, "Iko sawa, Mzee." Sikusema uongo, na sikusema kweli. Utakutana na majibu ya namna hiyo maishani, na mengine yatatoka kinywani mwako.

Tulisafiri mchana kutwa katika pikapu ya Abu Turki, ubao mpya pamoja na ule wa daktari nyuma, tumebanana mbele watu watatu, Mzee Haji katikati akituchekesha. Tukalala Riyadh, kwa jamaa mmoja wa Abu Turki mwenye duka la majora ya vitambaa mtaa wa Dirah. Alfajiri tukatoka kwenda mchangani. Mvua ilikuwa imenyesha siku iliyotangulia, na mchanga ulikuwa umeshikana, mwekundu kama tofali, unakanyagwa bila kuzama. Daktari Nawaf na rafiki zake walikuwa wamefika. Chini ya kilima wametandika mkeka, kahawa iko kwenye birika, sinia la tende katikati.

Nikalifungua blanketi mwenyewe, kwa madaha. Rafiki za daktari wakausifu ule mng'aro. Mzee Haji alipitisha kidole ukingoni, kutoka mdomo hadi mkia, akarudia upande wa pili, kisha akanitazama usoni. Hapo ndipo nilipojua kwamba macho yake hayakuwa na ugonjwa wowote.

Daktari naye aliukunjia uso kidogo, lakini alikuwa na hamu kuliko mashaka. Akajifunga miguu, akajiachia. Ubao ulikimbia vizuri, kwa kweli. Akauinamisha upande ili ukate kona, nao ukaendelea kwenda mbele. Akauinamisha zaidi. Akapunga mikono. Wale wa mkekani walikuwa wametandika pale kwa kujua kwamba atapinda mbali nao. Walipoona hapindi wakaruka kila mtu na upande wake, mmoja kaokoa birika, na daktari akapita katikati ya mkeka, akaanguka kifudifudi juu ya tende.

Kilima kizima kikacheka isipokuwa watu watatu. Abu Turki alikuwa anafuta uso kwa ncha ya kilemba chake, na nililisikia lile neno halas kabla hajalitamka. Mzee Haji akapiga hatua mbele akamwambia kwa Kiarabu kwamba karakana iko chini yake na lawama ni yake.

Mwanangu, mguu wangu ulitaka kubaki pale uliposimama. Nikaulazimisha. Nikasema, "Hapana, bosi. Mzee alichora sawa. Mimi ndiye niliyenyoosha."

Mzee Haji akanigeukia, na kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini ambayo wenzetu hawakuielewa, akaniuliza, "Nani kakuamrisha, bwana mkubwa?"

"Nilidhani macho yako yamepungua nguvu, Mzee. Sikutaka kukuaibisha."

Akasema, "Basi yangekuwa yamepungua, ungenambia. Mimi ningekwambia la, au ningekwambia ndiyo, mwanangu, nishike mkono. Weye umeninyima hata nafasi ya kukujibu. Hiyo si heshima. Hiyo ni kunizika ningali nakula."

Nimekemewa na watu wengi tangu siku ile, wengine wakubwa kuliko Mzee Haji. Hakuna aliyenifikia pale aliponifikia yeye.

Daktari alipanda kilima tende zimemnata kifuani, na badala ya kugomba alikuwa anacheka. Aliuliza kwa nini, Mzee Haji akamtafsiria yote, hata habari za uchakavu, akacheka tena mpaka akakaa chini. Halafu akaulalisha ubao wake wa Austria mchangani akatueleza asili ya kile kiuno, na mimi nikasikiliza kama mtoto wa shule.

Alisema kwamba zamani, kaskazini ya mbali huko Norwe, wakulima walikuwa wakijichongea skii zao wenyewe kwa mbao za kwao, na baadhi yao wakagundua kwamba skii iliyopunguzwa katikati inageuka kwa urahisi kuliko iliyonyooka. Hawakuwa na hesabu ya jambo lile, walilisikia miguuni. Wajukuu zao na watengenezaji waliokuja baadaye walikiacha kiuno kiwe kidogo tu, hakionekani vizuri kwa macho, na watu wakajifunza kupinda kwa kusukuma visigino na kuburuza mkia wa skii upande, theluji ikiruka kama vumbi. Walijifunza vizuri hasa, mpaka wakaona hakuna njia nyingine. Ndipo wakaja vijana na ubao wao mmoja, wamekikata kiuno kwa kina. Hawakuburuza. Waliuinamisha ubao ukasimama kwa ukingo, na nyuma yao ukabaki mstari mwembamba kama uliochorwa kwa kisu. Watu wa skii wakawacheka na kuwaita wahuni wa mlimani. Lakini mafundi wachache wakaenda kuitazama ile mistari kwenye theluji, wakarudi nyumbani kukata viuno kwenye skii zao. Nao wakachekwa. Skii za namna hiyo, alisema, ndiyo kwanza zinaanza kujaa madukani, na waliokuwa wakicheka sasa wanapanga foleni.

"Tazama," akasema. Akausimamisha ubao kwa ukingo. Mdomo na mkia vikagusa mchanga, katikati pakabaki pengo ambamo mwanga ulipita. Ule mwanga wa mwalimu wangu. Akakanyaga katikati, na ubao ukajikunja mpaka pengo likafungika, ukingo wote ukawa upinde. "Sasa hauna njia nyingine," akasema. "Ukitembea, lazima ufuate upinde wake. Wewe huugeuzi. Wewe unaulalia, nao unakugeuza."

Nilipiga magoti nikatazama upinde ule. Yaani kile nilichokiita ubovu ndicho kilichokuwa kazi yenyewe.

Sasa, Mungu ana huruma zake. Kwa kuwa nilikata kutoka pembe hadi pembe bila kuingia ndani, mbao yote ya kiuno ilikuwa bado ipo. Mzee Haji ndiye aliyeliona hilo kwanza. Hakuwahi kusafiri bila mkoba wake wa zana, hata Makka alikwenda nao. Tukafungua mlango wa nyuma wa pikapu ukawa meza yetu. Jiliwa ya kubania hatukuwa nayo. Mzee Haji akamtazama kafili wetu kwa mbali, akampima kiunoni, akamwambia kwa adabu zote kwamba tunahitaji kitu kizito. Abu Turki akaelewa. Akakunja kanzu yake nyeupe, akapanda, akaukalia ubao.

Tukauzungushia penseli ubao wa daktari, nikashika msumeno. Nilikuwa nakata, na Mzee Haji ananisimamia, na safari hii kila nilipotilia shaka niliuliza. Niliuliza mpaka akachoka akasema anajuta kunifundisha. Abu Turki alikuwa akihamishwa kutoka mdomoni kwenda mkiani, kutoka ubavu huu kwenda ule, vumbi la mbao limemjaa ndevuni, akitoa amri za yalla, yalla, yaani haraka, ingawa yeye ndiye aliyekuwa akiichelewesha kazi kwa uzito wake wa kuinuka. Tukapiga tupa, kisha msasa, kisha nta kwenye formaika. Ule mng'aro wangu wa vanishi ukawa umekwisha habari yake. Ubao ulionekana kama umetafunwa na mbuzi, lakini kiuno kilikuwapo.

Daktari akajifunga tena. Wale wa chini, bila kuambiwa, wakahamisha mkeka mbali kabisa.

Akaachia. Akauinamisha, na ubao ukaingia kwenye upinde, polepole, ukamzungusha kushoto kama mtu anayeshikwa mkono na kuongozwa. Akahamisha uzito, ukamrudisha kulia. Mchanga haukurushwa, haukuburuzwa. Alipofika chini akatugeuzia uso na kunyoosha mikono juu, na nyuma yake kwenye kilima chekundu ulikuwapo mstari mmoja mwembamba, unaokwenda na kurudi.

Abu Turki akaniambia nimwulize daktari idadi ya rafiki zake wanaotaka ubao, niiandike, na kwamba muuza matairi akatafute mahali pengine. Alilisema huku akitembea, kwa sababu alikuwa anaelekea juu na ubao. Aliteremka akiwa amekaa, kanzu imejaa upepo, akicheka kicheko ambacho sikujua kama anacho. Na mimi nikajaribu. Nilianguka kiasi cha kujaza suruali mchanga, lakini mara moja, mara moja tu, nilipoacha kulazimisha na kuulalia ule ukingo, nilihisi ubao ukinichukua. Mzee Haji alikataa katakata kupanda. Alisema yeye ni fundi, si mzigo.

Karakana ile iliishi miaka mingi baadaye. Mzee Haji alizeekea mle ndani, na macho yake yalipokuja kupungua kweli, aliniambia mwenyewe, nami nikawa namvutia mstari na yeye anauhakikisha kwa kidole.

Siku hizi Riyadh kuna jumba la theluji ndani ya majengo ya maduka. Binti mmoja wa kwetu anafanya kazi pale ya kuwavisha wageni viatu, akaniingiza nikatazame. Skii zote zimepangwa ukutani na viuno vyao, wala hakuna kijana anayeshangaa. Wanadhani ziliumbwa hivyo. Nilisimama pale na koti langu nikicheka peke yangu, binti akadhani baridi imenipanda kichwani.

Lakini sitakudanganya kwamba nilipona siku ile moja. Somo la mchangani nililitumia kwenye mbao, nikalisahau nyumbani. Mtoto wangu wa kwanza wa kumzaa alikuwa na kigugumizi, na mimi kila nilipokuwa likizo Taita nilimalizia sentensi zake, nikidhani namsaidia. Nilimnyoosha mpaka akaacha kuniambia mambo. Ameshakuwa mtu mzima sasa. Mwaka jana nilimpigia simu nikamwomba radhi, nikamwambia zungumza, nina muda. Alichukua muda wake wote. Ilikuwa hadithi ndefu kuhusu ng'ombe aliyeingia kanisani, na sijacheka vile tangu siku ya zile tende.

Basi nasaha yangu ni hii, nami nakuandikia bila kuificha. Ukikuta kitu kimepinda, kiwe ni kazi ya fundi, desturi ya watu wageni kwako, au namna ya mwenzako ya kusema na kutembea, usikimbilie rula. Muulize aliyekifanya, kwa sauti na mbele yake, hata kama ni mzee wako. Yeye si yai la kuvunjika, atalijibu swali lako. Na ukishakosea, kama utakavyokosea, sema mapema kwamba ni wewe, maana mbao ikiwa bado ipo, hata kafili atakubali kuikalia ukate upya.

Mungu akupe mikono mizuri na mdomo usioogopa kuuliza. Akupe wakubwa watakaokukemea kwa sauti ya chini. Popote utakapotafuta riziki, jangwani au penye theluji, ardhi ikubali unyayo wako, na siku utakapoanguka, uangukie penye watu wanaojua kucheka pamoja nawe. Amina.